Meza ya kuazima vitabu, Mtwara: nyota nne, ya tano imeliwa na gundi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea upenuni karibu na soko kuu hapa Mtwara mjini. Malipo ya korosho yakitoka sipati hata nafasi ya kunywa chai, kila mtu anataka sare ya harusi na anaitaka jana. Msimu ukipita mji unapoa, nabaki kuhesabu nzi. Ndiyo miezi ninayoazima vitabu kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye meza chini ya mwembe, ng'ambo ya barabara. Wiki moja shilingi 500, na amana ya 5,000 unarudishiwa ukirudisha kitabu. Ukichelewa hakutozi faini. Anakununia tu.

Safari hii nilitaka hadithi ya mapenzi. Akanipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999.

"Mwalimu, hiki si cha wanafunzi wa kidato cha sita?"

"Wao wanakisoma wafaulu, fundi. Wewe kakisome."

Nakala yenyewe imepita mikononi mwa mwanafunzi mwenye kalamu nyekundu. Ukurasa wa mwanzo kabisa Yasmin anafananishwa uso na tungule, yaani nyanya, na pembeni kaandika "tashibihi", kapiga mstari, kaenda zake. Mimi nilikwama hapo. Tungule nazinunua kila siku, najua zinavyobonyezwa na kila mpita njia kabla hazijalipiwa, na najua hazikai. Halafu unasoma kwamba binti mwenyewe ana miaka 15, kaozwa Bwana Raza, mtu wa makamo, na huyo Raza ni mwenye duka. Sijui kama mwandishi alikusudia nilichokiona. Nimeshakiona, na hakuna aliyeniambia "mwonee huruma".

Hilo ndilo ninalolipenda kwa mtunzi anayejua kazi. Wateja wangu huniambia, "Fundi, nimepungua," mimi nanyamaza, navuta futi, futi inasema yenyewe. Koplo Matata, askari polisi wa humo kitabuni, jina lake tu ni kipimo, lakini mwandishi hakuridhika na jina. Anamweka mbele ya bosi wake Mwingereza, Inspekta Wright, ujionee mwenyewe mtu anavyoweza kuwa mdogo chumba hiki na mkubwa chumba kile. Nimewajua watu wa namna hiyo. Mmoja ana deni langu la suruali mbili.

Sasa kilichonikosesha usingizi. Kwa kurasa nyingi tumekaa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, kwa shoga yake Mwajuma, alikopata hifadhi Yasmin baada ya kumkimbia mumewe, na huko ndiko anakoingia Denge, kijana anayeupinga utawala wa Waingereza. Nikazoea kuiona Unguja ya wakati wa Waingereza kwa macho ya hao. Mara mwandishi ananinyanyua na kunitua ofisini kwa Wright, namsikiliza akipanga namna ya kumnasa Denge. Hakuniaga. Nikirudishwa kwa Yasmin nimebeba siri asiyoijua yeye, na kila mlango unaogongwa nashtuka mimi, si yeye. Nilipiga ukelele juu ya cherehani hadi mteja akadhani nimejishona kidole. Ingekuwa tumebaki na Yasmin mwanzo hadi mwisho, mlango ungekuwa mlango tu.

Denge mwenyewe hajanikaa sawasawa. Akianza siasa naona bango, mtu simuoni. Mwalimu amenibishia hilo siku mbili, tena kwa sauti, wapiga debe wakasogea kusikiliza.

Lawama yangu ni kwa nakala. Gundi ilishakufa, na katikati karatasi nne hazikuwapo, tena ofisini kwa Wright penyewe! Mwalimu hakunionya. Ilibidi nimpigie shoga yangu wa Lindi mwenye nakala yake, anisomee. Akanisomea huku anakaanga samaki, nasikia mafuta yakilia, na Wright akitoka simuni na lafudhi ya Lindi kama mjumbe wa nyumba kumi. Kwa dakika zile nikamwogopa zaidi, maana sasa alikuwa mtu ninayemfahamu.

Niliporudisha kitabu nilikuwa nimekishona mgongo kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, ule wa kufungia korosho. Mwalimu akakigeuza, akakifungua, akakifunga, akanipa wiki mbili za bure. Kiko mezani upande wa kushoto. Msikikunje hadi jalada ligusane na jalada, na mkifika zilipokosekana karatasi, njooni upenuni kwangu niwasimulie. Mkija na kitambaa ni vizuri zaidi.