Kipimo cha moshi kwenye Probox manyuo: resi zilikuwa zinagoma kushuka

Nimelipa 50,000 kwa gereji moja hapa Dar es Salaam wanipimie injini kwa mashine ya moshi, ile inayosukuma moshi ndani kutafuta panapovuja hewa, na hela hiyo siijutii, ingawa huduma yenyewe ina kasoro zake. Gari ni Toyota Probox manyuo, injini 1NZ-FE ya cc 1,496, ekseleta ya kebo.

Shida ilikuwa hivi. Ukikanyaga klachi kutoka namba mbili kwenda namba tatu, mshale wa RPM haushuki. Unabaki kwenye 3,000, unasitasita, halafu unateremka kama mzee anayeshuka ngazi gizani. Ukiachia klachi mapema, gari linaruka mbele. Ukisubiri, bajaji ya nyuma inakupigia honi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, nayo ilikuwa juu, tena inapanda na kushuka yenyewe.

Fundi wa kwanza, wa mtaani, aliendesha kidogo tu akatoa hukumu: klachi imekwisha, tushushe gia boksi. Nilikataa kwa sababu dalili hazikulingana. Klachi iliyokwisha huteleza wakati mguu wako haupo juu yake: unakanyaga mafuta mlimani, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Yangu ilikuwa inashika barabara. Resi zilichelewa pale tu nilipokuwa nimeshaachia mafuta. Ubishi huu unakatwa bila kutoa shilingi. Injini ikishapata moto, simamisha gari, weka nyutro, pandisha resi hadi 3,000 kisha ondoa mguu ghafla. Zikichelewa kushuka na gari limesimama pale pale, klachi pleti haina kosa lolote. Ajabu ni mafundi wangapi hawafanyi jambo hili kabla ya kukutajia bei ya klachi.

Kebo ilikuwa na ulegevu wa kutosha na kipepeo cha throto, ule mlango wa hewa ya injini, kinarudi hadi mwisho. Throto bodi ilikuwa na masizi, ikaoshwa, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo nikashuku hewa inayoingilia pembeni, bila kupita kwenye throto. Wengi huitafuta kwa kupulizia dawa ya kuoshea kabureta kwenye mipira ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) injini ikiwa inaunguruma, huku wakisikiliza kama sauti inabadilika. Njia hiyo hufanya kazi, lakini dawa ile inashika moto, na mimi sitaki kuiona karibu na ekzozi iliyochemka. Isitoshe, haifiki vizuri chini ya manifodi.

Pale gereji walianza na kompyuta, na hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Kile kifaa changu cha bei rahisi cha Bluetooth kiligoma kabisa kuongea na gari, jambo linalozikuta Toyota nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Mashine yao ilisoma. Kwenye sailensa, injini ilikuwa inajiongezea petroli kwa asilimia 19. Ukipandisha hadi 2,500 nyongeza inashuka mpaka asilimia 5. Fundi mkuu alitabasamu, akaniambia, "Bosi, hapa kuna tundu."

Maelezo yake yalinyooka. Kwenye sailensa throto imefungwa, mvuto ndani ya manifodi ni mkubwa, na hewa inayopita kwenye sensa ya kupimia hewa ni kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo unaleta tofauti kubwa. Throto ikifunguka, hewa iliyopimwa inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa humo. Kompyuta ikiona hewa imezidi inaongeza petroli kufidia, basi injini inaendelea kuzunguka wakati wewe umeshaondoa mguu.

Kipimo chenyewe kinafanyika injini ikiwa imezimwa. Waliziba mpira wa kuingizia hewa, wakasukuma ndani moshi mzito wa mafuta yaliyochemshwa, kwa presha ndogo sana. Haukupita muda, moshi ukachungulia chini ya manifodi, kwenye kona ya mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini ukaungue. Kwa macho mpira ulikuwa mzima kabisa. Ukiukunja ndipo ufa unafunguka. Mpira mwingine niliupata kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kwa 12,000. Valvu ya PCV tuliitoa tukaitikisa. Ilikuwa inalia ndani, maana yake haijaganda, ikarudishwa.

Sasa kasoro. Moshi kidogo ulitokea kwenye ekzozi, na kijana mmoja pale akaanza kunipigia hesabu ya kufungua silinda hedi, eti valvu zimeungua. Injini ikizimwa, silinda moja huweza kusimama valvu ya kuingiza na ya kutoa zote zikiwa wazi kidogo, na moshi ukapita bila ugonjwa wowote. Fundi mkuu alimnyamazisha, lakini asingekuwepo? Pia gharama ya kipimo haipunguzwi hata ukitengenezea kwao, na karatasi ya majibu hawatoi. Piga picha moshi unapotokea.

Baada ya kufunga mpira, mshale unaufuata mguu na sailensa imetulia. Nilirudi wakasoma tena zile asilimia bila kunidai, na kwenye sailensa zilikuwa karibu na sifuri.

Kama gari lako ni la kisasa lenye throto ya umeme, usikimbilie moshi. Watengenezaji wengi huipanga kompyuta ifunge throto taratibu unapobadilisha gia ili kupunguza gesi chafu, kwa hiyo resi kuchelewa kidogo kunaweza kuwa ndivyo lilivyotoka kiwandani. Waombe wakusomee kwanza nyongeza ya petroli. Ikiwa iko karibu na sifuri kwenye sailensa na kwenye 2,500, na sailensa haiyumbi, baki na 50,000 yako.