Kiriniki ya Mifugo ya Chumbageni: Hadubini Kwanza, Sindano Baadaye

Mbwa wangu wa ulinzi, Chui, ambaye kwa kawaida humbwekea hata kunguru akitua ukutani, alikuwa amejilaza bandani kwa siku kadhaa bila kugusa ugali wala dagaa. Duka moja la dawa za mifugo lilikuwa limeshaniuzia dawa ya minyoo, kisha likamdunga sindano ya kupe, bila mtu yeyote kumfunua mdomo. Mkojo wake ulipogeuka rangi ya chai iliyokolea, nilimpakia kwenye bajaji kutoka Sahare (madereva wawili walikataa, nami siwalaumu, kwani mate ya mbwa yana hukumu zake) hadi kiriniki hii ndogo ya Chumbageni, hapa Tanga.

Swali la kwanza la daktari lilihusu safari: je, mbwa huyu amewahi kupelekwa upande wa Saadani, kwenye hifadhi ya wanyamapori? Alieleza kwamba kwenye mapori yenye mbung'o, nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o hao, humpata mbwa kama unavyompata ng'ombe, na huweza kumtia ukungu machoni. Nilipojibu kwamba Chui hajawahi kutoka Sahare, alimfunua mdomo, na ufizi wake ulikuwa mweupe kama nyama ya dafu.

Ndipo alipomchoma kidogo kwenye ukingo wa sikio, akakinga tone moja la damu juu ya kioo, akalitandaza kwa kioo kingine, akaliacha likauke na kulitia Giemsa, rangi inayofanya vijidudu vya damu vionekane. Damu ya mishipa midogo ya sikio, alisema, ndiyo inayoelekea zaidi kuonyesha vijidudu hivi. Alinikaribisha nichungulie kwenye hadubini: ndani ya chembe nyekundu chache kulikuwa na vijitone viwili viwili, vimekutana kwa ncha. Hiyo ndiyo babesia, kijidudu kinachoharibu chembe nyekundu za damu, iliyoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Kupe huyohuyo hueneza pia erlikia, bakteria wa chembe nyeupe za damu, ambayo ni vigumu kuiona kwenye kioo, kwa hiyo kioo kisafi hakimtoi mbwa shakani. Kwa sababu hiyo Chui alipewa sindano ya imidokabu kwa ajili ya babesia, ya kurudiwa baada ya siku 14, pamoja na antibiotiki ya doksisaiklini ya siku 28 kwa ajili ya erlikia, inayomezwa na chakula ili isimchafue tumbo. Baada ya sindano alitokwa na mate mengi akitetemeka. Daktari alituweka barazani mpaka yakakoma.

Kuhusu kinga, nilitazamia kuuziwa dawa ya kuogesha na kuagwa, lakini niliulizwa banda limejengwa kwa nini. Kupe jike akishashiba damu hushuka, akapanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, hivyo anayemtibu mbwa na kuliacha banda anateka maji kwa pakacha. Banda langu ni la udongo, na nilipolimulika kwa tochi usiku ule niliona nyufa zimejaa. Nimelipiga plasta ya saruji na kulinyunyizia dawa, Chui akiwa amefungwa mbali. Yeye mwenyewe alipewa kidonge cha kutafuna cha kuua kupe. Kipo cha mwezi mmoja na kipo cha wiki 12, nami nilichagua cha pili, ingawa bei yake inauma.

Gharama yote ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya dukani, na risiti iliandikwa neno moja tu, “matibabu”, jambo ambalo kiriniki makini kama hii haina sababu ya kulifanya. Lakini kasoro kubwa ni baraza lenyewe: mbwa, mbuzi na paka wa kwenye kikapu husubiri pamoja kwenye sakafu yenye mipasuko. Siku ya sindano ya pili nilimkagua Chui kabla hatujaingia, akawa safi. Tulipoitwa nilimkuta na kupe katikati ya vidole, nikampeleka kwa daktari akiwa bado anatembea kiganjani mwangu. Alimtumbukiza kwenye spiriti, akaniomba radhi, akatoka kwenda kuitazama sakafu yake.