Uzoefu wangu: programu ya kuchuja majina ya wateja inayoeleza alama zake

Niko kitengo cha uzingatiaji, yaani kinachohakikisha sheria na kanuni zinafuatwa. Mteja mpya hafunguliwi akaunti kabla jina lake halijapitishwa kwenye orodha za vikwazo (watu ambao mali zao zinatakiwa kuzuiwa) na za wenye nyadhifa za kisiasa. Programu tunayotumia sasa naipenda hasa kwa jinsi inavyopanga foleni ya majina yanayofanana.

Ile ya awali ilimwaga kila kitu kwa mpangilio wa alfabeti. Lililofanana kabisa lilikaa katikati ya yale yaliyofanana kwa mbali, na ikifika jioni mchambuzi aliyechoka anabofya "si yeye" mfululizo bila kusoma. Hivyo ndivyo mtu halisi anavyopenya.

Hii mpya inatoa alama kuanzia 0 hadi 100, na ukiibofya alama inafunguka na kukuonyesha imetoka wapi: jina limechangia ngapi, tarehe ya kuzaliwa ngapi, uraia ngapi, namba ya pasipoti ngapi. Mkaguzi akija kuuliza kwa nini tulimwachia fulani apite, jibu liko palepale.

Upande wa majina wamefanya kazi nzuri sana. Kipimo kinachotumika kwa wingi ni kile cha Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965, kinachohesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili jina moja liwe jingine. Kwa kipimo hicho Halima na Salima wanatofautiana kwa herufi moja tu, ilhali ni majina mawili kabisa. Mohamed na Muhammad wanatofautiana kwa hatua tatu, na ni jina lilelile. Soundex, mbinu ya matamshi iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, inawapa Mohamed na Muhammad msimbo mmoja, M530, lakini Halima anapata H450 na Salima S450. Programu hii inachanganya njia zote mbili, inavumilia jina la baba likitangulia, na jina lililoenea sana inalipa uzito mdogo kuliko jina adimu. Kwa wateja wenye majina ya asili ya Kiarabu tofauti niliiona mara moja: wasiohusika walishuka chini ya foleni, na waliostahili kuangaliwa wakapanda juu.

Sasa kasoro. Orodha ikikosa tarehe ya kuzaliwa, programu inashusha alama kana kwamba tarehe zimegongana. Hili linanikera kweli. Orodha ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ina watu wenye mwaka wa kukadiria tu, na wengine hawana tarehe kabisa. Taarifa isipokuwepo, mtu hajathibitishwa wala hajakanushwa, kwa hiyo alama ibaki ilipo. Kwenye mipangilio unaweza kurekebisha, ila ukurasa wenyewe umefichwa, na nina hakika wengi hawajawahi kuufungua. Vilevile lakabu zinapimwa kwa uzito wa jina kamili, ingawa orodha hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa inatenganisha lakabu za kuaminika na zile hafifu.

Jambo lingine: ukiinunua, usikubali foleni moja ya vikwazo na wanasiasa. FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango dhidi ya utakatishaji wa fedha haramu, inadai katika Pendekezo la 6 mali za waliowekewa vikwazo vya ugaidi zizuiwe bila kuchelewa. Pendekezo la 12 halimkatazi mwanasiasa kuwa mteja. Kwa mwenye wadhifa wa nchi ya nje linataka idhini ya uongozi wa juu na kujua utajiri wake umetoka wapi. Alama 70 upande wa vikwazo inanifanya nisimamishe muamala hapohapo. Alama 90 ya mwanasiasa inaweza kusubiri zamu yake. Sisi tulizitenganisha, na msaada wa kiufundi walitusaidia bila usumbufu.

Kabla hujasaini mkataba, wape majina ya zamani ambayo majibu yake unayajua, yakiwemo machache uliyothibitisha kuwa ni wenyewe, kisha angalia hayo yameangukia nafasi ya ngapi kwenye foleni. Muuzaji akisita kufanya jaribio hilo, tafuta mwingine.