Hema la kuvulia samaki kwenye barafu, lile nene la kushika joto

Aisee hili hema ni balaa, kitambaa chake kimejazwa katikati kama koti la baridi, ukiwasha kahita kadogo ka gesi muda si mrefu unavua glavu na kufunga ndoano kwa vidole vitupu, halafu paa halidondoshi maji, yale mepesi ya tabaka moja mvuke unaganda juu kisha unakudondokea shingoni yani kero tupu. Ila miguu bado itaumia coz baridi inatoka chini kwenye barafu yenyewe, tandika mikeka ya sponji na ufukie pindo za hema kwa theluji upepo usipenye. Kuliburuta ni zito. Na jamani msizibe matundu ya hewa eti joto lisitoke, hita inaweza kutoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.