Uzoefu wangu na vibao vya swichi ya mosfeti: kukata umeme wa kipokezi cha GPS kwa amri ya mikrokontrola

Nimetumia vibao viwili tofauti vya swichi ya mosfeti (transista inayofunguka kupitisha umeme na kufunga kuukata, kwa amri ya volti) katika kifaa kimoja, nami nitavieleza vyote viwili, kwa sababu ubora wa kile cha pili haueleweki mpaka mtu ajue jinsi kile cha kwanza kilivyonishinda. Kifaa chenyewe ni cha kurekodi mahali: kina mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ATmega328P inayofanya kazi kwa volti 3.3, kipokezi cha GPS cha aina ya NEO-6M, na betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye miliampea-saa 2500. Kipokezi kinapotafuta setilaiti hula takriban miliampea 45, kwa hiyo ukikiacha kikiwaka mchana na usiku, betri huisha baada ya siku mbili hivi. Mimi nilihitaji kujua mahali kifaa kilipo mara moja tu kwa saa, tena kwa dakika moja hivi, na muda uliobaki kipokezi kizimwe kabisa.

Wapo watakaouliza kwa nini kipokezi kisilishwe moja kwa moja na pini (mguu) ya mikrokontrola. Pini moja ya ATmega328P haipaswi kuvuka miliampea 40 kwa hali yoyote, na matumizi ya kawaida hupangwa kwa miliampea 20 au chini ya hapo, hivyo kipokezi hiki kimepita mpaka. Hata hivyo, kwa kihisi kidogo kama kile cha joto cha DS18B20, ambacho hakifikishi miliampea 2, pini yenyewe inatosha na hakuna haja ya kununua kibao chochote. Rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya sumaku, nayo niliiacha mapema, kwani koili ya rilei ndogo ya volti 5 huvuta kama miliampea 70, na sikuona maana ya mlinzi anayekula kuliko anayelindwa.

Kibao cha kwanza nilichonunua kina mosfeti ya IRF520, taa ndogo ya kuashiria, na vishikio vya skrubu vya kufungia nyaya. Kimetengenezwa vizuri, na vishikio vyake hadi leo havijalegea. Tatizo ni kwamba mosfeti hiyo huhitaji volti nyingi kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri: huanza kufunguka kidogo mahali fulani kati ya volti 2 na 4, na ukinzani mdogo unaotajwa katika karatasi za kiwanda, ohm 0.27, hupatikana geti inapopewa volti 10. Pini yangu hutoa 3.3. Kipokezi kiliwaka, kikapepesa taa yake mara chache, kikazima, kikawaka tena, nami nikatumia jioni nzima nikiilaumu programu niliyoiandika. Nilipopima kwa multimita nikakuta kwamba sehemu ya volti ilikuwa inapotelea kwenye mosfeti yenyewe. Niliing'oa, nikaweka mahali pake IRLZ44N, ambayo miguu yake imepangwa vilevile na ambayo imeundwa kufunguliwa na volti za mikrokontrola, na kuanzia hapo kipokezi kikawa kinawaka bila kusita.

Nikafunga boksi nikiamini kazi imekwisha. Hesabu yangu ilikuwa hivi: miliampea 50 (zile 45 nikizizidisha kidogo) kwa dakika moja ya kila saa ni wastani wa miliampea 0.83, ukiongeza kidogo kinacholiwa na mikrokontrola ikiwa usingizini, betri ingedumu zaidi ya siku 110. Ilikufa baada ya wiki tatu.

Sehemu iliyonifunza zaidi ndiyo hii. Nilipounganisha multimita kati ya betri na kifaa kikiwa kimelala, nilisoma zaidi kidogo ya miliampea 4, ilhali mosfeti ilikuwa imefungwa na nilikuwa nimehakikisha hivyo mara mbili. Nilipochomoa waya wa data unaotoka kwenye mikrokontrola kwenda kwenye kipokezi, sindano ya kipimo ilianguka. Kibao cha aina hii hukata njia ya hasi, yaani chanya ya kipokezi hubaki imeshikana na betri muda wote. Sasa, ndani ya karibu kila saketi ndogo kuna dayodi za ulinzi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinazounganisha pini za data na njia za umeme, na mimi, kwa kudhani ninafanya jambo la busara, nilikuwa nimeiagiza programu iziweke pini zote chini, yaani kwenye volti sifuri, kabla ya kulala. Umeme uliingia kwenye kipokezi kwa upande wa chanya, ukakosa njia yake ya kawaida ya kurudi, ukapita kwenye dayodi hiyo hadi kwenye pini ya data, na kurudia hapo. Mlango ulifungwa, dirisha likabaki wazi. Miliampea 4 zinaonekana chache, lakini ukizijumlisha na zile 0.83 unapata betri ya siku 22 hivi, na ndivyo ilivyokuwa.

Kibao cha pili hukata njia ya chanya. Kina mosfeti ya AO3401, ambayo ni ya chaneli P, pamoja na transista nyingine ndogo inayoiongoza. Mwanzoni niliiona transista hiyo ya ziada kama pambo, kwani nilijua mosfeti ya chaneli P hufunguka geti yake inapovutwa chini, jambo ambalo pini inaweza kulifanya bila msaada. Ugumu uko kwenye kuifunga. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na pini yangu ikipanda juu kabisa hufika 3.3 tu, hivyo inabaki tofauti ya volti 0.9, ambayo kwa baadhi ya mosfeti za aina hii inatosha kuacha umeme upenye. Transista ndogo huiachia geti ipande hadi volti ya betri, na swichi hufunga kweli. Aliyekibuni kibao hiki alilifikiria jambo hilo, na pia aliweka resista (kipande cha ukinzani) inayokiweka kimezimwa pale mikrokontrola inapoanza upya na pini zake zinapokuwa hazijapewa amri yoyote.

Kuhama upande hakukuondoa suala la nyaya za data, kuliligeuza tu. Laini ya mawasiliano ya siriali, yaani ule waya wa data, ikiwa imetulia hukaa juu, na kipokezi kilichokatiwa chanya hunyonya umeme kupitia laini hiyo hiyo. Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni kufunga kwanza siriali katika programu, kuziweka pini zote zinazogusa kipokezi chini, ndipo nikate umeme. Na wakati wa kuwasha ninafuata mpangilio huo kwa kinyume. Kile kilichokuwa kosa kwenye kibao cha kwanza ndicho kinachotakiwa kwenye cha pili, na karatasi iliyokuja na kibao haikusema neno lolote kuhusu hilo.

Nina lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba kibao hufunguka ghafla mno. Nilikuwa nimeongeza kapasita (kipande cha kuhifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470 karibu na kipokezi, na kila swichi ilipofunguka kapasita hiyo ilivuta umeme kwa pupa, volti ikadidimia, na mikrokontrola ikaanza upya, ikawasha tena, ikaanza upya tena. Niliweka resista ya kiloohm 10 mbele ya geti na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya geti na chanya, mosfeti ikawa inafunguka polepole kwa muda wa milisekunde moja hivi, na hali hiyo haikujirudia. Vipande viwili vya namna hiyo vingeweza kuwekwa kiwandani. Ya pili ni taa ya kuashiria, ambayo hula bure kila kipokezi kinapowashwa; niliichomoa kwa chuma cha kulehemu kwa risasi.

Kuhusu mikrokontrola sina mengi. Kipima muda chake cha ndani huweza kuiamsha baada ya sekunde 8 kwa urefu zaidi, hivyo huamka mara 450 na kulala tena kabla ya kutimiza saa moja, na saa hiyo si sahihi sana, jambo ambalo kwangu halina madhara kwa kuwa GPS yenyewe huniletea saa kamili.

Anayetaka kuiga mpango huu azingatie pia gharama ya kukata umeme wa kipokezi. NEO-6M ikianza bila kumbukumbu yoyote huchukua kama sekunde 27 chini ya anga wazi, ilhali ikiwa bado inakumbuka mizunguko ya setilaiti huweza kupata mahali kwa takriban sekunde moja. Kumbukumbu hiyo hufaa kwa saa 4 hivi, na hutunzwa na betri ndogo ya akiba iliyomo kwenye kibao cha kipokezi, ambayo sikuigusa. Kwa kuamka kila saa, mara nyingi sifikishi hata sekunde 10 za kuwaka, na ile dakika niliyoipigia hesabu imegeuka kuwa ya akiba.

Kifaa kikilala sasa husoma chini kidogo ya maikroampea 100, na karibu zote huliwa na kidhibiti volti cha kibao cha mikrokontrola, si na swichi. Leo ni siku ya 80 tangu niijaze betri, na bado ina volti 3.7. Kibao cha pili nitakinunua tena kwa kifaa kingine chenye kadi ya kumbukumbu, nikijua kwamba huko itabidi kwanza nisubiri kadi imalize kuandika ndipo nikate umeme.