Yuka ya Shina kwa Bustani ya Ulaya Kaskazini: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe Dukani

Mnunuzi wa yuka nchini Ujerumani, Uholanzi au Uingereza hukutana kwanza na jina lenye utata. Yuka, mmea wa mapambo wa bustanini, si muhogo, ingawa jina lake lilitokana na neno ambalo wenyeji wa visiwa vya Karibi waliuitia muhogo, na wataalamu wa mimea wa Ulaya wakalibandika kwenye mmea huu kwa makosa. Ndugu yake tunayemfahamu zaidi ni mkonge, ambao nao asili yake ni Mexico. Mkonge, hata hivyo, hauwezi kuvumilia barafu, ilhali zipo yuka zinazojenga shina kama mti na kukaa nje katika theluji.

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa kutazama kiwango cha baridi kilichoandikwa kwenye lebo. Kiwango hicho huhusu mmea uliokaa mahali pakavu. Huko kwao yuka kama hizi, Texas magharibi nchini Marekani na Chihuahua nchini Mexico, usiku wa baridi hugandisha, lakini udongo hubaki mkavu. Hamburg au Manchester, kinyume chake, mvua hunyesha miezi yote ya baridi, na maji yanayotuama kwenye mizizi na katikati ya majani huganda, huyeyuka, kisha huganda tena hadi moyo wa mmea unaoza. Kwa hiyo nimezipanga yuka hizi kwa namna zinavyostahimili baridi na maji kwa pamoja, pamoja na urahisi wa kuzipata.

Ya kwanza ni Yucca rostrata. Majani yake ni membamba, ya rangi ya kijivu chenye ubuluu, yamejipanga kama mpira juu ya shina moja, na ikiwa mahali pakavu huvumilia takriban nyuzi 20 chini ya sifuri. Vitalu vingi vinayo, kwa hiyo mnunuzi ana nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo anapopaswa kuwa mwangalifu. Mimea mikubwa yenye shina refu mara nyingi imechimbwa Mexico na kusafirishwa ikiwa imekatwa mizizi, kisha ikapandwa chunguni ili ionekane imeshika. Shika shina ulitikise taratibu: likicheza ndani ya chungu, mizizi bado haijaota. Omba pia uoneshwe matundu ya chini ya chungu, uone kama mizizi imefika huko, na ubonyeze shina karibu na udongo, kwa maana sehemu laini ni dalili ya uozo. Mimi ningenunua mche mdogo wenye mizizi iliyojaa chungu kuliko shina la mita moja lisilo na mizizi, japokuwa mche huo utachukua miaka mingi kabla ya kuwa na urefu wa kujivunia.

Ya pili ni Yucca gloriosa, na kwa anayeishi karibu na bahari kusini mwa Uingereza ningeiweka ya kwanza. Asili yake ni pwani ya kusini-mashariki mwa Marekani, ambako mvua si haba, hivyo huvumilia unyevu kuliko wenzake wa jangwani, na hutoa shada kubwa la maua meupe mwishoni mwa kiangazi au vuli. Udhaifu wake ni baridi kali: chini ya nyuzi 15 hasi huanza kuwa na mashaka. Ncha za majani ni kali sana. Isipandwe kando ya njia wanapopita watoto.

Yucca thompsoniana hushika nafasi ya tatu. Inafanana na rostrata, ila ni fupi, hutoa matawi mapema zaidi, na haipatikani kwa urahisi. Yucca elata ya Arizona na New Mexico, ambayo mizizi yake wenyeji waliitumia kama sabuni, huvumilia baridi kali, lakini mzizi wake mkuu huenda chini sana na hauchukui kuhamishwa. Inunuliwe ikiwa changa, katika chungu kirefu, au isinunuliwe kabisa. Yucca faxoniana ni nzuri mno, na pia ni nzito na ghali mno kwa bustani ya kawaida.

Yucca brevifolia, mti maarufu wa jangwa la Mojave, iachwe: majira ya baridi yenye mvua huiua hata pale ambapo baridi yenyewe ingevumilika. Iachwe pia ile inayouzwa madukani kama mmea wa sebuleni, yenye shina lililokatwa juu na vichipukizi viwili au vitatu. Hiyo ni Yucca gigantea ya Amerika ya Kati, na barafu ya kwanza huiharibu.

Yoyote utakayoichagua, inunue majira ya kuchipua, ili ipate kiangazi kizima cha kuotesha mizizi. Weka akiba ya fedha kwa ajili ya changarawe na mchanga wa chembe kubwa wa kujenga tuta la nusu mita, ikiwezekana mbele ya ukuta unaotazama kusini. Majani makavu yanayoning'inia shinani usiyakate, maana hulikinga na baridi. Novemba, ezeka juu ya mmea kipande cha plastiki angavu kinachozuia mvua, huku pande zote zikiachwa wazi kwa upepo.