Tamron 24 kwenye Pentax ya baba mdogo, nimeizungusha Kigoma miezi nane sasa

Kilichonifanya nitafute lenzi ya waidi, yaani ile inayochukua eneo pana, ni mtumbwi. Niko Kibirizi alfajiri, boti za dagaa zinarudi, jamaa wamenipa nafasi nikae nyuma kabisa karibu na injini, nainua kamera na ile lenzi yangu ya milimita 50 naona nini, mgongo wa mtu na nusu ya taa. Nirudi nyuma niende wapi, nyuma ni ziwa.

Kamera yenyewe ni Pentax K1000, kaniachia baba mdogo alipofunga studio yake pale Mwanga. Zilianza kutengenezwa 1976 zikaenda mpaka 1997, chuma tupu, betri ni kile kidonge cha LR44 cha kwenye kikokotoo, na kikiisha kamera inapiga tu kama kawaida, inayolala ni mita ya mwanga peke yake. Sasa waidi ya Pentax wenyewe nilivyotajiwa bei nikasema asante mkuu nitakutafuta, sikumtafuta. Ndo nikaingia kwenye hizi za kampuni nyingine, Vivitar, Tokina, Sigma, Soligor, Tamron, zipo kibao na ukiwa mgeni unachanganyikiwa.

Ya kwanza niliumia, niseme ukweli. Nilinunua 28 moja, jina nalihifadhi, muuzaji yuko Dar, picha alizotuma ni za mbele tu, kioo kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Ikaja na basi, nikafunga, nikapiga mkanda mzima wa HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, stesheni ya reli, pale ile barabara ya mwembe mwembe inapoishia kwenye jengo la Wajerumani, jua kali la saa sita. Kusafisha nakuta nusu ya picha zimeungua, nyeupeee, anga hamna, ukuta wa stesheni hamna. Nikajilaumu mimi, nikalaumu dawa, nikalaumu maji ya bomba. Kumbe visu vya apecha, lile tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi, vina mafuta. Kwa asiyejua, K1000 inapima mwanga apecha ikiwa wazi kabisa, halafu ukibonyeza ndo visu vinatakiwa vijifunge fasta mpaka 11 au 16 uliyochagua (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), sasa vikiwa na mafuta vinajifunga polepole kama mlango wa geti bovu, shata imeshafunguka imeshafunga wao bado wako njiani. Mita haina habari kabisa, yenyewe imekwambia sawa. Muuzaji nilivyompigia akaniambia lenzi ya zamani ndo zilivyo. Haya.

Kwa hiyo sasa hivi mtu akitaka kuniuzia namwomba video, sio picha. Ringi ya apecha iweke 16, nyuma ya lenzi kuna kijimkono kidogo, kisukume na kidole na ukiachie mara tano sita, visu vinatakiwa vipige tap tap bila kusuasua. Afu awashe tochi ya simu amulike kupitia nyuma mimi niangalie mbele, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu huo, achana nayo. Vumbi mbili tatu ndani sio kesi. Akikataa kutuma video ujue kuna kitu.

Tamron sasa. Hii ni 24mm f/2.5, namba yake ya modeli 01BB, ya mfumo wa Adaptall-2 ulioanza 1979 (Adaptall wenyewe wa kwanza ni 1973). Akili yao ilikuwa kwamba lenzi haina mdomo wa kuingia kwenye kamera, mdomo unanunua pembeni, ni ringi unaibandika nyuma ya lenzi unaizungusha inakamata, leo Pentax, kesho ukipata Nikon au Canon FD au Minolta unabadilisha ringi tu lenzi ni ileile. Kwa sisi ambao kamera ya zamani ikifa hujui utaokota ipi nyingine, hii ndo sababu kubwa ya kuichukua. Ila hapohapo ndo pana mtego, wengi wanauza lenzi bila ringi na hawasemi, na ringi za Pentax K (mdomo wa kamera kama yangu) sio rahisi, zile za PK/A, za kamera zinazochagua apecha zenyewe, ndo bei imechangamka kabisa. K1000 haihitaji PK/A, usidanganywe, ile PK ya kawaida inatosha na mita inafanya kazi vizuri tu. Mimi lenzi nililipa 220,000 na ringi 60,000, muuzaji mwingine huyu, video alituma bila hata kuombwa mara mbili.

Kwa nini 24 na sio 28 wakati 28 zimejaa na ni rahisi zaidi? Simama mita 3 kutoka ukutani, kamera umeilaza. 50 inakupa kama mita 2 na kidogo za ukuta, 28 inakupa karibu mita 4, 24 inakupa mita 4 na nusu. Kwenye karatasi tofauti ndogo, ndani ya boti au kwenye kijiduka cha mawese Ujiji ndo tofauti ya kupata mtu na mzigo wake au mtu peke yake. Mtaani kwenye nafasi 28 inatosha na nyuso zinakaa vizuri zaidi, sibishani na mtu. Na 24 ina adabu yake jamani, usiweke mtu pembeni. Harusini nilimweka shangazi ukingoni mwa picha ya familia, kichwa kimetoka kama papai, mpaka leo ananiuliza ile picha iko wapi nasema mkanda uliharibika.

Kufokasi ndo kulinisumbua wiki za mwanzo maana kwenye waidi kila kitu kwenye kioo cha kuchungulia kinaonekana kama kiko sawa, unazungusha huoni tofauti. Nikaacha kufokasi. Mchana wa Kigoma na HP5 ya 400 naweka f/11 na 1/1000, fokasi naiweka kama mita 2 basi, siigusi tena, kuanzia mita moja hivi mpaka milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa vyote vinatoka. Katonga kwenye vichanja vya dagaa nilipiga hivyo mkanda mzima bila hata kuangalia vizuri kwenye kioo, mama mmoja anageuza dagaa mbele yangu kabisa, nyuma yake boti, nyuma ya boti milima, dagaa mmojammoja unaweza kumhesabu. Nilifurahi kinoma. Na ikibidi kusogea inasogea mpaka sentimita 25.

Ukiifungua f/2.5 kona zinalainika, katikati pako safi, ukifika 5.6 kona zinakaa sawa na 8 hadi 11 sina malalamiko. Ndani ya nyumba jioni naitumia hivyohivyo wazi, nani anaangalia kona.

Shida yangu kubwa ni jua la jioni. Ziwa letu liko magharibi, kila mtu anataka picha ya jua linazama, na ukilielekezea lenzi moja kwa moja unapata vidoa vya mwanga vimepanga foleni na picha nzima inapauka. Hudi, kile kikinga jua cha mbele ya lenzi, sina, nakinga kwa mkono, sasa kioo cha kuchungulia cha K1000 kinakuonyesha kama asilimia 90 tu ya picha, zilizobaki huzioni, kwa hiyo vidole hujaviona lakini mkanda umeviona. Nina picha nne za jua na vidole gumba.

Kingine, filta zangu zote zilikuwa za upana wa milimita 49 za ile lenzi ya 50, hii inakula 55, filta ya chungwa ya kufanya mawingu yatokeze ikabaki haina kazi. Kubana na ringi ya kushusha mpaka 49 usijaribu, kona zitaingia giza.

Kuhusu Vivitar kuna mtu ataniuliza. Hawakuwa na kiwanda chao cha lenzi hizo, walikuwa wanatengenezewa, na namba za mwanzo za siriali zinakwambia nani katengeneza, 22 ni Kino ambao ndo Kiron, 28 Komine, 37 Tokina. Kwa hiyo Vivitar 28 mbili zenye jina moja zinaweza kuwa lenzi mbili tofauti kabisa, uliza namba kabla ya bei. Na lenzi zozote za mdomo wa K zenye pini ya ziada ya kampuni ya Ricoh, kwenye K1000 hazina neno, ila usije ukaifunga kwenye Pentax za otofokasi, inaweza kung'ang'ania isitoke.

Masika lenzi naihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, sio kwenye begi la ngozi, ngozi inafuga ukungu.

Juzi nikampelekea baba mdogo picha ya ndani ya mtumbwi, niliirudia ileile ya Kibirizi, watu sita, nyavu, taa zote na kipande cha anga. Kaivutia karibu na macho, kaangalia muda mrefu, akaniuliza mwanangu hapa ulisimama wapi. Nikamwambia sikusimama, nilikalia injini.